Mtani wa Mama Mlezi

Siku treni ya wanafunzi ilipoondoka kwa likizo ya Krismasi, mwaka ule aliofariki Mfalme Joji, Apolinaria hakurudi shuleni. Alisimama pale stesheni ya Tabora akipunga leso mpaka behewa la mwisho likapotea, kama alivyofanya miaka yote. Halafu, badala ya kugeuka na kushika njia ya misheni, akakaa kwenye benchi. Mimi ni fundi cherehani, nilikuwa nimekwenda kuchukua jora langu la kitambaa kutoka Dar es Salaam, nikampita nikidhani anapumzika. Nilipotoka ofisi ya mizigo alikuwa bado yupo, mguu mmoja ukimtikisika, filimbi ikining'inia kifuani.

"Dada, unamngoja mtu?" nikamwuliza.

"Simngoji mtu," akasema. "Nimechoka kurudi."

Nilimwona kama mtu anayetaka kushikwa na homa. Nikamwambia twende kwangu akanywe chai, nyumba si mbali. Akanyanyuka upesi, utadhani siku zote alikuwa akingoja mtu amwite.

Nani asiyemjua Apolinaria mjini? Kila shule ilipofungwa na kila ilipofunguliwa alipita sokoni na wasichana wake wawili wawili, magauni meupe, masanduku ya bati vichwani, yeye mbele na filimbi yake. Akipiga mara moja wanasimama, akipiga tena wanakwenda. Hata punda wa wachuuzi walikuwa wamekwisha kumzoea. Tulimwita Mama Mlezi, kama wasichana wenyewe walivyomwita, ingawa hakuwahi kuzaa wala kuolewa.

Alizaliwa Puge, akafiwa na wazazi wote akiwa hata meno ya utoto hayajang'oka, masista wakamchukua. Akasoma kwao. Wenzake walipomaliza wakaenda zao, yeye akapewa funguo za bweni. Tangu hapo akawa mama wa watoto wa watu. Ndiye aliyewaamsha alfajiri, aliyewatoa funza, aliyekaa nao wakiugua. Ametoka mtoto huko Ziba, hajawahi kulala nje ya nyumba ya mama yake, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Apolinaria ndiye aliyemshika mkono mpaka mlangoni mwa darasa, na jioni akamrudisha kwenye hesabu zilizomshinda mpaka zikakubali. Watoto hao wakawa walimu, wakawa wauguzi, wakaolewa na makarani. Yeye akabaki na funguo kiunoni.

"Kila mwaka nawasindikiza," aliniambia siku ile akiwa na kikombe mkononi, amesimama, maana kukaa alikuwa ameshindwa. "Treni inalia, wao wanakwenda, mimi narudi kukung'uta magodoro. Leo miguu imekataa, Zamda."

Hiyo miguu ndiyo iliyokuwa taabu yake. Babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba pembe kutoka hapa hapa Tabora mpaka Bagamoyo, wakarudi na vitambaa na chumvi, wakapumzika msimu mmoja wa kulima, wakaanza kuangalia njia tena. Ndilo jambo pekee alilolijua kuhusu ukoo wake, na kila kilichomwasha alimsingizia babu.

Nilikuwa na chumba cha uani kisicho na mtu. Nikampa. Mume wangu Twalibu, fundi seremala, mtu asiyependa maneno mengi, aliniambia, "Zamda, umetuletea kengele ndani ya nyumba." Nikamcheka. Kesho yake, kabla hata ya adhana ya alfajiri, filimbi ikalia uani. Wanangu wakaruka vitandani, Twalibu akatoka na msumeno akidhani tumevamiwa. Tukamkuta Apolinaria amesimama katikati ya ua, mkono umemziba mdomo kwa aibu. Alisema mkono ulikwenda wenyewe.

Alichotaka ni kuuza chakula stesheni. Tabora ndipo reli inapogawanyika, abiria wa Mwanza na wa Kigoma wanashinda hapo wakingoja mabehewa yapangwe, na njaa haina pa kwenda. Mimi niliona ni wazo zuri. Twalibu akampigia kibanda cha mbao na mabenchi mawili, nje kidogo ya uzio wa stesheni. Kibanda hakijakauka rangi, Sista Mkuu akafika, mwanamke wa Kizungu mrefu, mwembamba, aliyekuwa akisema Kiswahili taratibu kama anayevuka mto kwa mawe. Nilitegemea ugomvi. Hapakuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililomwumiza Apolinaria zaidi.

"Sitaki kukulazimisha," Sista alisema. "Lakini sina mtu kama wewe. Kaa na funguo zako. Shule ikifunguliwa Januari, nitakuja mwenyewe kuwapokea wasichana hapa stesheni. Siku hiyo utaniambia. Kama huku kumekushinda, kitanda chako kipo."

Kumekushinda! Neno hilo lilimkaa Apolinaria kooni kama mwiba wa samaki. Alijua, na mimi nilijua, kwamba likizo ile ndiyo ingeamua. Ama atasimama nje ya uzio kwa miguu yake, ama atarudi kukung'uta magodoro mpaka azeeke, na safari hii atarudi akiwa amejaribu.

Sasa nisimsifu mno. Mwanzo wake ulikuwa kichekesho. Mkono wake ulikuwa haujui kupika kidogo. Siku ya kwanza alibandika maharage ya kulisha bweni zima, wakaja wateja wa kuhesabu kwa mkono mmoja, na mtaa wetu mzima tukala maharage mpaka watoto wakakataa. Akijaribu kupunguza, chumvi inamshinda. Kipimo alichokijua ni cha umati.

Halafu ile tabia. Mafundi wa njia ya reli, wanaume wazima wenye mikono kama magome, wanaketi kuagiza ugali, yeye anawasimamia kichwani: "Onyesha mikono!" Wanaangaliana. "Kucha hizo ndizo utakazolia chakula changu? Nenda bombani." Na wanakwenda! Nimewaona kwa macho yangu, foromani wao akiwa mbele. Anayebakiza chakula anaulizwa kwa nini. Anayeongea na tonge mdomoni anakaripiwa. Wengine walikasirika wasirudi, lakini wengine wakawa wanakuja kwa kuchekeshwa tu, na ugali wake kusema kweli ulikuwa mtamu, na mchuzi wa karanga wa kulamba vidole.

Aliyekuwa haupendi ule mchuzi ni Bi Mwanahawa peke yake. Huyu alikuwa bibi wa Kizaramo, mama yake Omari, gadi, msimamizi wa treni ya Mwanza. Alikuwa amemfuata mwanawe kutoka pwani, akaishi naye kwenye kota za reli, na tangu ashuke Tabora alikuwa hajaisamehe kwa kukosa minazi. Kila asubuhi alikuja na fimbo yake, akaonja kila kitu, akakunja uso.

"Hiki nini?"

"Kisamvu cha karanga, bibi."

"Karanga! Mimi panya? Mwanangu, chakula bila nazi ni dawa."

Anasema hivyo, na anamaliza sahani. Apolinaria alimpenda. Alikuwa akimwekea kiti chenye mgongo, na kumpa shikamoo yake kwa mikono miwili kama watoto wa zamani.

Baada ya Krismasi ndipo mambo yalipoharibika. Mchana ule stesheni ilijaa, mimi nilikuwa kibandani nikimsaidia kuosha sahani. Treni ya Mwanza ilikuwa tayari kuondoka. Omari akatoka kwenye behewa lake la gadi, sare imenyooka, kofia upande, bendera ya kijani kwapani, akaja moja kwa moja kibandani. Walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana, maana yeye kutwa yuko njiani.

"Mama yangu ananiambia wewe ni Mnyamwezi," akasema.

"Mnyamwezi wa Puge," Apolinaria akajibu.

"Mpagazi!" Omari akapaza sauti ili stesheni nzima isikie. "Tangu lini mpagazi akala nyama? Kazi yako kubeba. Lete hapa!" Akainua sufuria nzima ya nyama kutoka mekoni, mvuke unatoka, akaondoka nayo kuelekea kwenye treni.

Watu walicheka. Mimi nilicheka. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, hata mtoto anajua. Utani wao ulianza zamani za misafara, na mtani akichukua kitu chako hujaibiwa. Unamtukana, unamvizia, siku nyingine unamchukulia chake. Kinachokatazwa ni kukasirika tu.

Apolinaria alikasirika. Hakuwa na utani mwilini mwake, nani angemfundisha? Kwa masista mtu akichukua kisicho chake ni mwizi na anakwenda kuungama. Alitoka mbio, akaingia ndani ya uzio, akashika filimbi yake akaipuliza kwa nguvu zote, kama alivyozoea kumsimamisha msichana mtoro.

Ikasimamisha nini? Dereva wa treni, huko mbele kichwani, alisikia filimbi, akadhani ni ya gadi ya kumruhusu kuondoka. Akaiachia treni ikaanza kuondoka.

Sitasahau. Omari anakimbia kando ya treni na sufuria ya nyama mikononi, bendera imedondoka, mchuzi unamwagikia sare, abiria wanapiga kelele madirishani, Apolinaria nyuma yake anazidi kupuliza, na kadiri anavyopuliza ndivyo dereva anavyoongeza mwendo. Bwana Stesheni, Mhindi mfupi wa watu, alitoka ofisini na kitambaa cha chakula shingoni akikimbia kuelekea kusikojulikana. Treni ilisimamishwa karibu na kivuko. Nilikuwa nimekaa chini kwa kucheka, tumbo linauma.

Ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kusimuliwa kwenye harusi. Lakini Apolinaria alikwenda kumwita askari. Akaja Masolwa, Msukuma mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo.

"Mkamate," Apolinaria akasema. "Ameniibia mbele ya watu."

Masolwa akamtazama, akamtazama Omari aliyelowa mchuzi, akavua kofia akajikuna. "Mama, huyu ni mtani wako. Mimi nitaandika nini? Hata mimi Msukuma ni mtani wake. Akimaliza na wewe atanichukulia viatu."

"Mimi sina mtani!" Apolinaria akasema. "Sina, na sitaki kuwa naye."

Kicheko kilikatika. Omari, aliyekuwa bado anatabasamu, alibadilika uso taratibu. Akaenda kwenye treni yake, na ile sufuria akaondoka nayo kwa sababu hakujua tena aiweke wapi.

Toka siku hiyo wafanyakazi wa reli hawakukanyaga kibandani. Hawakutukana, hawakusema. Walipita tu mbali, na foromani mwenyewe akawa ananunua mihogo ya kuchoma kwa mwingine. Wanyamwezi wa mjini nao walimwangalia kama mtu mwenye ugonjwa. Abiria peke yao hawakutosha. Apolinaria akawa anazunguka kibanda chake kama kuku anayetafuta pa kutagia: anafuta benchi lililofutwa, anachochea moto usio na sufuria, anakwenda mpaka kwenye uzio, anaangalia reli, anarudi. Nyumbani usiku namsikia anatembea uani. Mimi mwenyewe nikaanza kukosa raha, nikawa nashona mikono ya gauni nyuma mbele.

Asubuhi moja Bi Mwanahawa akaja, pole pole, anakohoa. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine ile sufuria, imesuguliwa inang'aa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa, akavuta pumzi. "Omari anaona haya kuja, nimekuja mimi. Sufuria yako hii. Lakini nisikilize kabla hujaipokea. Babu zenu walikuwa wakishuka na mizigo, wanalala uani kwetu. Baba yangu alikuwa akiwatukana, wao wanamchukulia kuku. Mpagazi akifia kwetu, mbali na kwao, ni sisi tuliomzika, na tulimcheka mpaka kaburini ili asiende na huzuni. Mimi sasa ndiye niliye mbali. Nikifa hapa, mwanangu atalia, na majirani watalia. Nani atanicheka?"

Nilimwangalia Apolinaria. Nilitaka aseme kitu chochote, hata tusi, tusi ndilo lingefaa zaidi.

"Weka hapo, bibi," akasema.

Bibi akaiweka. Akanyanyuka, siku hiyo hakuonja kitu, akaenda zake.

Niliwaka. Sijawahi kumsema mtu vile, hata mume wangu. "Wewe umezaliwa Puge bure!" nikamwambia. "Umewafundisha watoto wa watu kuomba radhi, wewe mwenyewe hujui! Unataka kutoka kwenye uzio, uzio umeuvaa!" Aliniacha nimalize. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba hajui inavyofanywa. Kwamba anaogopa. Akijaribu atakosea, watamcheka vibaya, na hapo ndipo itakapokuwa imemshinda kweli. Nilikuwa na hasira mno kuweza kumhurumia siku ile. Namhurumia sasa.

Januari ikaingia na mvua. Siku chache kabla ya wasichana kurudi, Apolinaria alifunga sanduku lake. Alisema atatangulia misheni mwenyewe kwa miguu, kuliko kungoja Sista aje amkute stesheni kama mzigo uliokosa mwenyewe. Nilimsaidia kukunja nguo. Sanduku lilikuwa liko mlangoni, kamba imekwisha fungwa, Twalibu alipoingia kutoka kazini kabla ya wakati.

"Bi Mwanahawa amefariki," akasema. "Wanazika mchana huu. Mimi nakwenda."

Apolinaria alikaa juu ya sanduku. Mguu uliokuwa ukitikisika tangu Desemba ulitulia, jambo lililonitisha kuliko kilio. Kisha akasimama.

"Zamda, matanga watu wangapi watakuja?"

"Reli nzima," nikasema. "Na mtaa."

"Sufuria kubwa ziko kwa nani?"

Tukaazima kwa jirani, kwa msikiti, kwa watu wa harusi. Mbuzi alichinjwa na shehe, tukaondosha maneno. Na hapo nilimwona Apolinaria akipika kwa mara ya kwanza kama anavyojua kupika, maana sasa umati ulikuwepo. Hakuonja mara mbili. Alitupa chumvi kwa kiganja, akageuza mwiko kwa mikono yote, akatuamrisha sisi wanawake kumi na kitu kila mmoja na kazi yake, na kila kitu kikaiva pamoja. Lakini nilimwona pia, alipodhani hakuna anayemwangalia, akinong'ona peke yake na kujaribu kutembea ameinama, akijikosoa, akirudia.

Tulipofika kota na chakula, maziko yalikuwa yamekwisha. Wanaume walikuwa barazani. Omari alikuwa ameegemea ukuta, macho makavu, hajala tangu jana yake. Masolwa alikuwa amejaribu utani wa msibani. Alikuwa amevaa kandambili za marehemu na kudai urithi, watu wakatabasamu kwa adabu, Omari hakuinua kichwa. Foromani alipomwona Apolinaria akasogeza mguu kama wa kuinuka.

Apolinaria aliomba fimbo ya marehemu kwa mmoja wa wanawake. Akavuta khanga mpaka kwenye paji. Akainama, akakunja uso, akakohoa kidogo, akatembea pole pole mpaka kwenye sufuria, na naapa nilisisimka, maana alikuwa ni Bi Mwanahawa mwenyewe anatembea. Akachota mchuzi, akaonja, akautema pembeni.

"Hiki nini?"

Nikasema mimi, "Karanga, bibi."

"Karanga! Mimi panya? Nimekufa, na bado mnanilisha karanga! Wapagazi hawa! Huko nilikokwenda nimeuliza, nazi zipo!"

Mwanamke mmoja aliangua kicheko, akajiziba, ikawa amechelewa. Kikashika barazani kote. Wenye kulia walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Apolinaria akasogea mpaka kwa Omari, bado ameinama, akamgusa bega kwa fimbo.

"Na wewe, Omari. Treni imekuacha tena?"

Omari akainua kichwa. Apolinaria akafika kwenye msumari ilipotundikwa kofia ya gadi, akaivaa juu ya khanga, akashika filimbi yake akapuliza. "Haya, mstari! Wawili wawili! Onyesheni mikono!" Mafundi wa reli, foromani mbele, wakasimama mstari na mikono yao kama watoto wa shule, machozi yanawatoka kwa kucheka.

Ndipo akatupa ishara, tukampa ile sufuria yake iliyosuguliwa, imejaa nyama. Akaiweka sakafuni mbele ya Omari. Sauti ya bibi ilikuwa imemtoka, alisema kwa sauti yake mwenyewe.

"Haya, mwizi. Iba."

Omari aliiangalia sufuria. Mabega yakaanza kumtikisika, tukadhani anacheka, na kweli alianza kwa kucheka. Kisha akalia, akalia kama mtoto, kilio alichokibana tangu asubuhi, na alipomaliza akavuta sufuria karibu akala, na kila tonge akiitukana Puge na wote waliozaliwa huko. Apolinaria alikaa chini mbele yake akimjibu tusi kwa tusi. Alikuwa hajui mengi, akawa anarudia lile lile, na Omari akamfundisha mengine.

Kabla matanga hayajaanuliwa, alikuwa ameitwa sehemu mbili. Mtu mmoja alikuwa na hitima, mwingine alikuwa na ndugu yake anayeoa huko Puge, na wapishi wanaoweza kulisha umati bila kuunguza wala kupunja hawakuwa wengi njia nzima hii. Puge! Alipolisikia jina hilo alishika meza.

Siku wasichana waliporudi, jua lilikuwa limetoka kidogo kati ya mvua na mvua. Treni ya kutoka pwani ilifika, wakashuka na masanduku yao ya bati, wakamwona Mama Mlezi wakamkimbilia. Sista Mkuu alikuwa amesimama na mwavuli. Apolinaria akawakumbatia mmoja mmoja, akawatazama kucha, akamkaripia mmoja. Kisha akafungua funguo kiunoni. Zilikuwa zimekaa hapo muda mrefu kiasi kwamba kitambaa chini yake kilikuwa na rangi nyingine. Akampa Sista kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Nashukuru kwa kitanda, Sista."

Sista akazifunga kiganjani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Na filimbi?" akauliza.

"Hiyo naihitaji kazini," Apolinaria akasema.

Treni ya Mwanza ilikuwa inangoja upande wa pili. Sufuria zake zilikuwa zimekwisha pakiwa behewani kwa gadi. Angeshuka Bukene, lori la wenye harusi lingempokea kumpeleka Puge. Omari alisimama mlangoni, kofia upande, akipiga kelele kwamba mpagazi hapandi treni, mpagazi anatembea, na kwamba mzigo wa nazi aliomwagizia kutoka pwani asidhani ni zawadi. Apolinaria akapanda akimsukuma. Wasichana walikuwa wamekimbilia ukingoni.

"Mama Mlezi, utarudi lini?"

Alifungua mdomo, akawaangalia, na nikaona hana jibu, na kwamba kutokuwa nalo kulimfurahisha mno.

Omari akakunjua bendera ya kijani akaitoa nje. Kisha akamgeukia. "Piga wewe," akasema. Apolinaria akapuliza, na treni ikaondoka. Wasichana wakatoa leso zao wakapunga, mpaka behewa la mwisho likapotea. Hapakuwa na mtu wa kuwaongoza, wakabaki wamejipanga wawili wawili wakimtazama Sista, na Sista akiwatazama wao.

Mimi nilikaa kwenye lile benchi na jora langu mapajani. Nilikuwa na gauni la kumaliza siku ile, na mume, na watoto wanaongoja chakula. Nilikuwa nikimwonea wivu, nasema kweli. Ilipofika wakati wa kunyanyuka niende nyumbani, nikaona mguu wangu unatikisika.